Saini za Jumamosi ya Giza

Nasiri mwana wa Hadija, wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, alikuwa mtu wa taa kwa miaka tisa kabla hajaenda kusomea kazi ya kulea vijana. Anayedhani mtu wa taa ni mtu mdogo hajawahi kula ndagala wetu, dagaa wa ziwa hili, na tumhurumie. Ndagala hafuati wavu, anafuata mwanga. Mitumbwi inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa chini yake, na mtu mmoja anakaa na taa, akiisogeza na kuituliza juu ya maji, kama anayemtoa mbuzi wa watu ndani ya nyumba kwa jani moja la muhogo. Akifanya haraka, mbuzi anakimbia. Akizubaa, mbuzi analala. Nasiri hakufanya haraka wala hakuzubaa, na tajiri wake, Mzee Abdoulkarim mwenye mitumbwi na nyavu, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu njo mukono yangu ya kuume." Mshahara wa mkono wa kuume ulikuwa uleule wa mkono wa kushoto, lakini sifa ni sifa.

Kusema alianza kabla ya taa. Babu yake alivuka kutoka upande wa Kongo zamani za Wabelgiji na cherehani kichwani. Baba yake akavuka kurudi upande uleule kuuza vitenge, "wiki mbili tu," na hizo wiki mbili mpaka leo hazijaisha. Mtoto aliyebaki na mama ilibidi ajifunze kusema: na mwenye duka, na mwalimu, na mwenye nyumba. Shule ilimshika mpaka darasa la tisa, ambayo ni miaka mingi. Wako watu walioachwa na shule darasa la tano na mji mzima bado unawaita wakasome barua.

Kilichomtoa ziwani ni ugomvi. Siku moja makundi mawili ya wavuvi yalitaka kutoana macho pale pwani kwa sababu ya kamba iliyokatwa. Makasia yalishanyanyuliwa. Nasiri akaingia katikati na taa yake, mchana kweupe, taa imewashwa, akaanza kuwamulika usoni mmoja mmoja.

"Natafuta mwenye akili," akasema. "Bado sijamuona."

Mtu mmoja akacheka, na akishacheka mtu mmoja ugomvi umekufa, kinachobaki ni mazishi. Kumbe palikuwa na mama mmoja wa shirika la Bujumbura aliyekuja kununua samaki. Akamwita kando.

"Kijana, hiyo kazi uliyofanya sasa hivi, kuna watu wanaisomea."

"Wanasomea kucheka?"

"Wanasomea vijana. Wanaitwa animateri."

Jioni ile Nasiri alirudi nyumbani akiwa tayari animateri wa vijana. Kilichobaki kilikuwa cheti tu. Na cheti hicho, wacha tuseme mapema ili mtu asije akalalamika mbele, ndicho kilichomla.

Mafunzo yalikuwa vipande viwili. Wiki sita za darasani Bujumbura, halafu miezi mitatu ya staji, yaani kufanya kazi huku unatazamwa, katika nyumba ya vijana ya Rumonge. Atakayefaulu atapewa cheti na nafasi ya animateri iliyokuwa wazi palepale. Asiyefaulu atasubiri kundi la mwakani, Mungu akipenda na wafadhili wakipenda. Alipokwenda kumuaga Abdoulkarim, mzee hakununa. Alifanya vibaya zaidi, alitabasamu.

"Nenda, mwanangu. Lakini taa haikai bila mtu. Nikishampa mwingine, nimempa."

Bujumbura walimfundisha kurushiana uzi. Watu wazima kumi na wanane wanakaa duara, wanarushiana donge la uzi mpaka wanafungana kama kuku wa sokoni, halafu mwalimu anauliza, "Mmehisi nini?" Nasiri alihisi njaa, lakini aliandika "umoja". Tusicheke sana, maana kuna kitu kimoja cha maana walichompa. Walimfundisha kunyamaza. Ukimuuliza kijana swali, walisema, usimjibie. Hesabu moyoni mpaka kumi. Kumfundisha mtu wa Rumonge kunyamaza ni kumfundisha samaki mukeke kupanda mchikichi, lakini Nasiri alijifunza, na aliporudi mama yake alidhani anaumwa.

Masharti ya staji yalikuwa haya: vijana ishirini, walewale, Jumamosi kumi na mbili, saa tisa alasiri. Kila kijana atie saini kwenye kaye, daftari la mahudhurio, mbele ya tarehe ambayo ofisi imeshaipiga chapa. Nasiri alikusanya ishirini wake kwa siku moja, wote wavuvi wa mitumbwi ya Abdoulkarim. Nani mwingine angewajua kama yeye?

Hapa ndipo mtoto wa ziwa alipoona kile ambacho watu wa ofisini hawakukiona. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina taa ya bure, nani atafuata taa ya Abdoulkarim? Siku hizo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa. Mwezi ukiisha giza linaingia, na giza ndiyo kazi: makundi yanahama, yanafuata ndagala, yanapiga kambi Magara wiki mbili au zaidi, na kijana wa Rumonge humuoni Rumonge kwa dawa. Jumamosi kwao si kitu. Jumamosi nne za mwezi, mbili ni za mji na mbili ni za maji.

Alipiga simu ofisini. Aliyepokea alimsikiliza vizuri, akamwambia, "Tarehe zimeshachapwa, ndugu."

Basi Nasiri akachukua kalenda ya msikiti iliyotundikwa ukutani kwa mama yake, ile yenye tarehe za kizungu na tarehe za mwezi katika chumba kimoja, akapiga hesabu. Miezi mitatu, mbalamwezi tatu. Kila mbalamwezi, mikutano minne ndani ya wiki moja: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Jumapili. Nne mara tatu ni kumi na mbili. Hata mwalimu wa hesabu angemkumbatia. Na saini? Vijana wenyewe walitoa jibu. Tumekutana mara nne, tutie saini mara nne: Jumamosi hii na tatu zinazofuata. Kazi imefanyika, jina limekaa, mtu anakwenda Magara na moyo mweupe. Hakuna aliyeona kosa. Mtu aliyelima shamba lote Jumanne, utamuuliza kwa nini Jumamosi hakulima?

Na kazi ilifanyika kweli. Mbalamwezi ya kwanza walikuja wote ishirini, mara nne. Mbalamwezi ya pili vilevile. Kulikuwa na mmoja, Djibril, miaka kumi na tisa, aliyekaa siku zote karibu na mlango bila kufungua mdomo. Mkutano wa sita Nasiri aliuliza, "Unaogopa nini ambacho hujawahi kumwambia mtu?" Akahesabu. Alipofika tisa, Djibril akasema akitazama miguu yake, "Sijui kuogelea."

Miaka minne yuko juu ya mtumbwi, kila usiku wa giza, maji ya kina ambacho hata kamba hailingani nacho, na hajui kuogelea. Mtu angetegemea kicheko. Hakikuja. Mwingine akasema, "Mimi pia." Halafu mwingine. Nasiri akawaahidi: mbalamwezi ijayo, mkutano wa kwanza, tutakwenda majini. Usiku ule alimwambia mama yake kwamba sasa ameelewa ule uzi ulikuwa wa nini.

Alhamisi moja ya giza simu ikalia. Alikuwa Madamu Yudita, mkaguzi wa staji.

"Amahoro, Nasiri. Jumamosi hii saa tisa nitakuwa kwako. Usiandae kitu, nataka kuona hali ya kawaida."

"Murakoze, Madamu. Karibu sana," akashukuru Nasiri, kwa sababu mdomo wa mtu mwenye adabu unatangulia akili yake. Kisha akageuka kutazama kalenda. Jumamosi. Tarehe ishirini na saba ya mwezi, giza tupu.

"Hali ya kawaida," akasema Hadija, mama yake, aliyekuwa akimenya muhogo. "Basi ataona viti."

Ijumaa asubuhi alipanda gari la Magara. Ndagala walikuwa wameanikwa pwani mpaka mchanga hauonekani, na Abdoulkarim amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akinywa chai kama mtu asiye na shida na dunia.

"Mukono yangu ya kuume!" akaita. "Umechoka kulea?"

Nasiri akaeleza. Kesho, masaa matatu tu, vijana ishirini, gari atatafuta yeye mwenyewe, kabla ya mitumbwi kutoka watakuwa wamerudi.

"Kutoka huku mpaka Rumonge na kurudi, mbele ya saa kumi na moja?" Mzee akatazama barabara. "Gari ikiharibika nitavua na nani? Na Madamu?"

Vijana waliokuwa wakishona nyavu wakacheka, halafu wakaona uso wa Nasiri wakaacha.

"Muambie akuje kwa mbalamwezi," akasema Abdoulkarim, sasa kwa upole. "Tutamuchomea mukeke."

"Tarehe zimechapwa, mzee."

"Na giza imechapwa pia, mwanangu. Na aliyeichapa hana simu."

Nasiri, bingwa wa kusema, aliwatazama vijana wake ishirini, kila mmoja na sindano ya wavu mkononi, wakimtazama kama yeye ndiye mwenye taa. Akawaaga. Djibril alimfuata mpaka barabarani.

"Kaka Nasiri, mimi nitakuya."

"Usikuje. Atakutoa."

"Atanitoa kwa siku moja?"

"Kwa giza moja anatoa. Unamjua."

"Ulisema kama mutu anakutegemea, usimuache peke yake na viti." Hakuna siku Nasiri alisema maneno ya viti, lakini mengine yalikuwa yake. "Wewe unataka nikuje ao hautaki?"

Hapo ilitakiwa neno moja tu. Hapana. Nasiri alilijua. Lakini alikuwa anaiogopa kesho, na alikuwa amefundishwa kunyamaza, basi akanyamaza. Akahesabu. Alipofika saba gari la Rumonge likasimama mbele yake, naye akapanda.

Jumamosi Madamu Yudita alifika saa tisa kamili, jambo ambalo peke yake lilionyesha kwamba siku haina baraka. Ndani ya nyumba ya vijana palikuwa na viti ishirini kwa duara, Nasiri na shati lake la darasani, na Hadija kwenye kimoja cha viti hivyo, upande wa nyuma, amejitanda kanga ya Idi.

"Mama naye ni kijana?" akauliza Madamu.

"Najaza nafasi tu," akasema Hadija. "Endeleeni."

Saa tisa na robo. Pontiani, mlinzi wa nyumba, akachungulia, akaona, akajiondoa taratibu. Nasiri akaanza kueleza: mwezi, giza, Magara, mikutano minne kwa wiki moja. Alieleza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Madamu alisikiliza, akatikisa kichwa mara mbili tatu.

"Mimi nimezaliwa Kigwena," akasema. "Kaka zangu walikuwa ziwani. Giza silihitaji kuelezwa. Nipe kaye tu niandike kwamba leo hakuna aliyekuja, na sababu yake. Tutajua la kufanya."

Nasiri akampa kaye. Maskini, alimpa kwa furaha.

Madamu akafungua ukurasa wa siku ile. Akautazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nasiri, leo ni tarehe ngapi?"

Akamtajia.

"Hawa ishirini wametia saini leo. Wako wapi?"

"Magara, Madamu."

"Walitia saini lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Madamu akafungua ukurasa unaofuata. "Na Jumamosi ijayo?"

"Hiyo pia."

"Jumamosi ijayo, ambayo bado haijafika."

"Watoto wetu hawapendi kuchelewesha kazi, Madamu," akasema Hadija kutoka nyuma.

Hakuna aliyecheka. Nasiri akaanza upya, mikutano minne, saini nne, hakuna hata moja ya bure, na kadiri alivyosema ndivyo alivyosikia maneno yake yanageuka. Pale kwenye mbalamwezi yalikuwa maneno ya haki kabisa. Ndani ya kaye ya ofisi yalikuwa maneno ya mwizi anayeeleza vizuri.

Mlango ukafunguka. Djibril alisimama pale, kaptula mbichi, magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko, anahema. Alikuwa amedandia lori la mizigo mpaka njia panda, kisha akakimbia.

"Amahoro," akasema. "Nimekuya."

"Jina lako?" akauliza Madamu.

"Djibril."

Madamu akatafuta kwa kidole. Jina lilikuwepo, na mbele yake saini, nzuri, imenyooka. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Madamu, lakini hakumpa.

"Umeshatia saini, mwanangu."

"Ile si ya leo. Leo njo nimekuya."

"Naona," akasema Madamu Yudita, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Lakini nafasi imejaa."

Akafunga kaye, akaiweka ndani ya mkoba. Alipofika mlangoni akamwambia Nasiri kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha ofisini, "Ungeacha wazi. Karatasi tupu ningeipigania mpaka kwa wakubwa. Hii nitaipigania namna gani? Nikisema sisi wa ziwani ndivyo tunavyofanya, watasema ndiyo, ndivyo mnavyofanya."

Nasiri aliwatazama Djibril na mama yake na viti kumi na vinane vitupu, maana hao wawili walikuwa wamekaa. Saa ilikuwa kumi kasoro kidogo. Mpaka Magara kabla ya mitumbwi kutoka, hata lori lenye mabawa lisingefika.

"Basi, tunaongelea nini?" akauliza Djibril.

Baada ya siku kumi ofisi ilituma ujumbe. Staji haikuthibitishwa. Anaweza kuomba tena kundi lijalo. Nafasi ya Rumonge itapewa mtu mwingine wa kundi hilihili, kutoka Bujumbura, mwenye saini zilizokuja siku zake.

Abdoulkarim naye alitimiza neno lake. Nafasi ya Djibril ilijazwa usiku uleule wa Jumamosi. Nasiri alimwendea mzee nyumbani, akaomba kwa adabu zote, akakaa chini mkekani kama mkwe.

"Mtoto alikuja kwa ajili yangu, mzee. Kosa ni langu."

"Najua ni lako."

"Basi mrudishe."

"Wavu hauwezi kungoja mutu anayechagua siku, Nasiri. Ulikuwa mutu wa taa, unajua." Akamsogezea kikombe. "Na usiniombe taa. Iko na mwenyewe."

Hakuwa ameomba taa. Lakini njia nzima alikuwa ameifikiria, na mzee aliiona usoni mwake, na hilo lilimuuma kuliko kunyimwa.

Mwezi ukakua, kama unavyokua bila kuuliza mtu. Tarehe kumi na nne, Jumanne, saa tisa, vijana kumi na tisa wakaja nyumba ya vijana, wameoga, wengine na suruali mpya. Nasiri alikuwa amefika kabla yao, kalenda ya mama yake kwapani kama kila mbalamwezi, kwa sababu hakujua namna ya kutokwenda. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Ufunguo umeitwa Bujumbura," akasema Pontiani, akitazama pembeni. "Mpaka huyo mwingine akuje."

Nasiri akawaambia yote. Walisikiliza wamekaa kwenye vipandio vya mlango. Mmoja akasema waende wote ofisini. Mwingine akamuuliza ofisi iko wapi, na hakuna aliyejua.

Djibril alikuja wa mwisho, kutoka kwenye kinu cha mafuta ambako sasa alikuwa anabeba mikungu ya ngazi, matunda ya mchikichi, mikono myekundu kwa mawese.

"Tulisema leo majini," akasema Nasiri, maana ahadi ilikuwa inamwasha. "Wewe ndiye uliyeanza. Tunaweza kwenda."

"Wapeleke hao. Mimi kwenye ngazi sizami." Hakusema kwa ubaya. Akabaki amesimama. "Kaye iko wapi?"

"Ameondoka nayo Madamu."

"Ile Jumamosi mimi nilikuya. Saini ile nilitia mbele, haikuwa ya kweli. Nataka kutia ya kweli."

"Djibril, haitasaidia kitu."

"Najua."

Nasiri hakuwa na kaye. Hakuwa na ufunguo, wala cheti, wala taa. Akaikunjua kalenda ya msikiti juu ya goti, akatafuta chumba kile: Jumamosi juu, ishirini na saba chini, zote mbili pamoja bila ugomvi. Akampa kalamu. Djibril akaandika jina lake polepole, na kidole gumba kikaacha alama nyekundu iliyofunika nusu ya wiki.

Kijana aliyekaa jirani akanyoosha mkono. "Na mimi niweke hapo, kaka."

"Wewe ulikuwa Magara," akasema Nasiri, akachukua kalamu yake.

Jioni Hadija alitundika kalenda ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akaisogelea tena.

"Nani amepaka mawese kalenda ya msikiti?"

"Kijana wangu mmoja," akasema Nasiri. "Siku hiyo alikuja."